Wavinya Imekufa

Mutinda alivipa vijisanduku vyake majina ya watu wa nyumbani kwake, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika. Fundi mwingine angeandika namba moja, namba mbili, akamaliza. Yeye alisema namba humchanganya, lakini jina la mtu wako huwezi kulisahau hata ukiwa juu ya ngazi.

Kazi yenyewe ilikuwa mtaa wa Mountain View, Nairobi, kwenye nyumba za kupangisha za mzee mmoja aitwaye Ephantus, ambaye alikuwa amechoka kugombana na wapangaji kuhusu maji. Maji yalipotea ardhini na hakuna aliyejua ni bomba lipi linalovuja. Mutinda akamletea dawa: kijisanduku kidogo kama kiberiti kwenye bomba la kila nyumba, kinasikiliza maji yanavyopita, kisha kinatuma habari hewani mpaka kwa mashine iliyowekwa langoni, chumbani kwa mlinzi. Hakukuwa na waya. Kila kijisanduku kiliishi kwa betri yake.

Sasa, kupaza sauti ili usikike mbali kunachosha, bali kumnong'oneza jirani hakuchoshi. Vijisanduku ni vivyo hivyo. Kwa hiyo Mutinda alivipanga vinong'onezane: cha nyuma kabisa kikiambie cha mbele yake, nacho kikiambie kinachofuata, mpaka neno lifike langoni. Kila kimoja kilichagua njia iliyo fupi kuliko zote, na hesabu hiyo ilikuwa nzuri. Tatizo ni kwamba njia zote fupi zilipita mahali pamoja, kwenye kijisanduku cha nyumba iliyopakana na lango. Hicho ndicho Mutinda alichokiita Wavinya, jina la mkewe. Alidhani anamtukuza.

Na hicho ndicho kilichokuwa kikifa. Akikiwekea betri mpya, kinakufa. Akibadilisha kijisanduku chenyewe, kinakufa, ilhali vile vya nyuma, kina Ngui na Mwendwa, vimejaa nguvu kama ndama walionyonya. Ephantus alikuwa akimngoja chini ya ngazi mbele ya wapangaji waliokuja kuanika nguo.

"Fundi, bibi yako amezima tena," alisema, na wale akina mama wakacheka. "Mimi nilikuwa nafikiria wewe unajua kumtunza."

Mutinda naye akacheka, maana mtu akikusimanga ukiwa juu ya ngazi yake huna pengine pa kwenda. Ephantus akamwambia, safari hii bila kucheka, kwamba akimwona tena juu ya ngazi kwa sababu ya hicho kimoja, ashuke navyo vyote.

*

Wavinya mwenyewe, yule mwenye damu na nyama, alikuwa Riruta akishona sare za shule kwenye kibanda kilichopakana na saluni ya Carolyne. Cherehani yake ilikuwa nzuri. Kilichomsumbua ni simu.

Mama mkwe wake, Syokau, aliyekuwa Mwingi, hakumpigia Mutinda hata siku moja. Alimpigia Wavinya, amwambie Mutinda. Mwelu, dada yake Mutinda, alikuwa na duka la mikoba mjini, na kaka yao Ngui alikuwa bawabu wa jengo moja la ofisi huko huko mjini, karibu kiasi kwamba wangeweza kula chakula cha mchana pamoja. Lakini tangu walipogombana kuhusu mama yao aishi kwa nani, hawakuwa wakisemeshana. Mwelu akitaka kumtukana Ngui alimpigia Wavinya, naye Wavinya akampelekea Ngui tusi lile likiwa limeoshwa na kupigwa pasi. Hata Mutinda, akitaka kujua hali ya binti yao Mwendwa aliyekuwa shule ya bweni, alimwuliza Wavinya. Watu walisema mke wa Mutinda ana moyo. Hakuna aliyeuliza moyo huo unakula nini.

Asubuhi ya siku ninayoisimulia, Wavinya alimwekea mumewe chai, akakaa mbele yake, jambo ambalo halikuwa kawaida.

"Baba Mwendwa, jana nilipita kliniki," alianza. "Daktari ameniambia..."

Simu ikalia. Alikuwa Syokau, akiuliza kama Ngui amepata ujumbe wake kuhusu mabati ya nyumba yake, na mbona hakujibu. Wavinya akasema ataufuatilia. Hajaiweka simu chini, Mwelu naye akapiga: amwambie Ngui kwamba mabati si kazi ya watoto wa kike. Wavinya akasema atamwambia, kwa njia nzuri. Alipomaliza, Mutinda alikuwa amesimama na mfuko wake wa vifaa begani.

"Ulikuwa unaniambia nini?"

"Si kitu cha kukuchelewesha."

"Basi utaniambia jioni, Mama Mwendwa. Leo ile kitu isipokaa sawa, Ephantus atanifukuza."

Wavinya alimtazama akitoka. Aliosha kile kikombe polepole, akachukua kadi ya kliniki, akaondoka bila kumwambia mtu ila Carolyne.

*

Kuna jambo jingine ambalo Mutinda alikuwa amelisahau, na kusahau kwake ndiko kulikotia watu njiani.

Mashine ya langoni ilikuwa imetiwa laini yake ya simu wiki hiyo tu, baada ya betri ya mwisho kubadilishwa. Kijisanduku kikizimika, ilituma ujumbe. Siku ya kuijaribu, Mutinda alitaka kuona kama inaweza kuwafikia watu wengi kwa pamoja, akaingiza namba za jamaa zake alizokuwa nazo, hata ya baba mkwe wake. Wote walipokea ujumbe uliosema: Testing, ni Mutinda. Walimjibu kwa kumtania, kisha wakasahau, naye akasahau kuziondoa. Ujumbe wa kijisanduku kilichozimika aliuandika haraka haraka, jina kisha neno moja, kama watu wa Nairobi wanavyosema simu imekufa, betri imekufa, gari imekufa.

Ngeli hakuifikiria. Mutinda hakuwahi kufikiria ngeli maishani mwake, na hilo lilikuwa donda la siku nyingi kwa baba mkwe wake. Mzee Mwololo alikuwa amefundisha Kiswahili shule za msingi za Kitui mpaka akastaafu. Siku Mutinda alipokwenda kuposa, alisimama mbele ya wazee akasema, "Mzee, mbuzi imefika." Mwololo akamwambia kwa upole, mbele ya wote, "Wamefika, kijana. Mbuzi wana uhai." Wazee walicheka mpaka uji ukapoa. Tangu siku hiyo Mutinda alikuwa akimwogopa mzee huyo kama mtoto anavyoogopa chaki.

Sasa mzee huyo alikuwa barazani kwake Kitui, akimenya machungwa, simu ilipotetemeka. Akavaa miwani akasoma.

WAVINYA IMEKUFA.

Chungwa lilianguka. Alimpigia Mutinda, simu iliita mpaka ikakatika. Alimpigia binti yake. Sauti ya mwanamke asiyemjua ikamwambia kwamba nambari hiyo haipatikani. Akatafuta nani mwingine wa kumpigia, akagundua kwamba hana namba nyingine yoyote ya Nairobi. Habari zote za huko alikuwa akizipata kwa Wavinya.

Akausoma tena ujumbe ule, safari hii kama mwalimu, neno kwa neno. Imekufa. Haikusema amekufa. Mtu ni wa ngeli ya A-WA. Mtu haandikiwi *imekufa*. Labda ni kitu kingine chenye jina hilo. Moyo wake ukashika neno hilo dogo, herufi moja tu mwanzoni mwa kitenzi, ukaning'inia hapo. Kisha akakumbuka mbuzi. Mutinda huyu huyu angeweza kumwita mzazi wake "hii".

Mzee Mwololo akavaa koti lake la kanisani na kwenda stendi bila kufunga mlango.

*

Mjini, Mwelu alipousoma ujumbe aliteremsha mlango wa duka huku mteja akiwa bado ameshika mkoba. Alitaka kujua Wavinya yuko hospitali gani, na bila kufikiri kidole chake kikabonyeza jina la Wavinya ili amwulize. Hapatikani. Namba ya Ngui alikuwa ameifuta siku waliyogombana, kwa hasira, ili aione inafutika. Mwelu akashika njia kwa miguu, akivuka barabara huku magari yakimpigia honi, mpaka jengo ambalo Ngui alikuwa akifungulia watu mlango.

Ngui alikuwa amesimama pale, kofia mkononi, amekwisha kuusoma.

Hawakusalimiana. Mwelu alimwambia tu, "Wavinya aliniletea salamu zako juzi."

"Mimi sikutuma," Ngui akasema.

Wakatazamana. Mwelu akaelewa kwamba salamu zote alizopokea kwa kaka yake, pole alipougua, hongera alipopanua duka, zilikuwa za Wavinya mwenyewe, amezitunga pale kibandani huku akishona. Akaanza kulia hapo mlangoni pa watu. Ngui alimwomba mwenzake amshikie zamu, akamshika dada yake mkono, wakaenda Riruta pamoja.

*

Mutinda alikuwa ndani ya chumba cha pampu, simu yake ikichajiwa kwa mlinzi. Alipotoka alikuta simu nyingi zilizokosa jibu, na ya mzee Mwololo, ambaye hakuwahi kumpigia, ikiwa ya kwanza. Akaona ujumbe. Akaelewa mara moja kilichotokea, na Mungu amsamehe, alicheka. Aliona hii ni hadithi ya kuwachekesha watu Krismasi. Akampigia Wavinya wacheke pamoja.

Hapatikani.

Akapiga tena. Simu ya Wavinya haikuwahi kuzimika. Hata kanisani aliiweka mapajani, imewaka. Kicheko kikamwisha Mutinda, akaacha ngazi ilipo, akaondoka huku Ephantus akimwita.

Kibanda kilikuwa kimefungwa kufuli. Carolyne alitoka saluni na kitana mkononi.

"Ameenda kliniki kupimwa presha," akasema. "Kwani hukujua?"

"Presha gani?"

Carolyne alimtazama kama mtu anayetafuta njia ya kuficha aibu isiyo yake. "Si ni hiyo imekuwa ikimwangusha? Wiki hii tu alianguka hapa, tukammwagia maji. Akatuambia tusikupigie simu, uko na kazi."

Mutinda aliuliza ni kliniki ipi. Carolyne alidhani ni ile ya karibu na kanisa. Mutinda akaenda mbio. Walimwambia hayupo kwenye vitabu vyao, wakamwuliza kama ana kadi nyingine, anatumia dawa gani, anatibiwa na daktari gani.  Alijua kila kijisanduku cha Mountain View kimebakiwa na nguvu kiasi gani. Kuhusu mkewe hakujua kitu. Akaikumbuka ile sentensi ya asubuhi iliyokatwa na simu, na hapo yule aliyeandika ujumbe wa uongo akaanza kuuamini.

Alipofika nyumbani alikuta viti vimetolewa nje. Majirani walikuwa wamewasha jiko na hawajapata sukari, maana hakuna aliyejua Wavinya anaiweka wapi. Ngui na Mwelu walikuwa wamekaa kwenye kidato cha mlango, bega kwa bega. Mutinda akawaeleza: ni betri, ni kile kijisanduku, si mtu.

Mwelu akasimama. "Sawa. Ni betri. Basi yeye yuko wapi?"

 Mutinda akaketi kwenye kimojawapo cha viti vile vya matanga, akaficha uso.

*

Wavinya aliingia langoni jua likiwa bado liko juu, ana mfuko wa dawa mkono mmoja na fungu la sukuma wiki mkono wa pili. Akaona viti. Akaona jiko. Akaona Ngui na Mwelu pamoja, na hilo ndilo lililomtisha kabisa.

"Ni nani amekufa?" akauliza.

 Ngui akasema, "Ni wewe, shemeji."

Mutinda alikuwa amekwisha kumfikia. Alimshika mabega, akamshika uso, akamshika mikono na sukuma zake, mbele ya majirani, yeye ambaye hakuwahi kumshika mkono barabarani. Alilia bila kujificha. Wavinya, ambaye alizoea kuwatuliza watu kabla ya kujua wanalilia nini, alianza kusema nyamaza, nyamaza, halafu wakamketisha.

Alisimulia kidogo kidogo. Nesi alipomfunga kile kitambaa cha kupima mkononi, simu ililia, na presha ikapanda. Akampima tena, ikalia tena. Nesi akamnyang'anya simu, akaizima, akamwambia alale kitanda cha pembeni hata kama ni kwa kupumzika tu.

"Nikalala mchana, kwa watu," Wavinya akasema, akiona haya. "Nimelala kama mtoto. Nilipoamka sikujua niko wapi, na nikafurahi."

Mwelu akapiga magoti mbele yake. "Mbona hukutuambia unaumwa?"

Wavinya alifikiri. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

"Kila mtu akinipigia, ananipa ya mwenzake nimpelekee," akasema. "Napeleka. Lakini yangu sikupata wa kumpa."

 Mutinda akavuta kiti chake karibu naye.

"Hata kule Mountain View," akasema, "mimi nilifikiria ni betri mbaya. Nikawa namwekea ingine na ingine. Haikuwa betri. Ni sisi wote tulikuwa tunapitia kwake."

Walikuwa bado wamekaa hivyo wakati mzee Mwololo aliposhuka barabarani, vumbi la safari kwenye koti lake la kanisani. Viti vya nje aliviona tangu mbali. Kisha akamwona binti yake, amekaa, ana kikombe cha chai isiyo na sukari.

"Nau," Wavinya akaita. Baba.

Mzee aliinua kidole, kama darasani. "Nilijua," akasema. "Nilijua ni ngeli ya vitu. Njia yote nimesema, huyo kijana ameandika *imekufa*, hawezi kuwa ni mwanangu."  Akavua miwani, akakaa chini na kulia kwa uchungu wote aliokuwa ameuzuia kwa sarufi tangu Kitui.

Baadaye, sukari ikiwa imepatikana, alitaka kuelezwa. Mutinda akaeleza, akijikwaa kwenye kila ngeli, na mzee hakumsahihisha hata mara moja. Alipomaliza, Mwololo akauliza, "Kwani hao wengine walio karibu na lango hawawezi kusikika na hiyo mashine?"

"Wanaweza, mzee. Lakini njia yao ni ndefu kidogo."

"Kwetu shamba moja halimwui mtu mmoja. Watu huingia mwethya. Leo kwangu, kesho kwako, na aliyechoka hukaa kivulini wengine wakilima. Ninyi ni Wakamba, mlisahau wapi?" Hakuwa akimtazama Mutinda tu. Aliwatazama Ngui na Mwelu pia.

Wavinya akawasha simu. Haikukaa, ikalia. Ni Syokau, ambaye hajui kusoma na ujumbe ule haukumpata. Alitaka kujua habari ya mabati. Mkono wa Wavinya ulikwenda wenyewe, lakini wa Mutinda ulitangulia.

"Mwaitu, ni mimi," akamwita mama yake.

 Syokau akaomba apewe Wavinya.

"Wavinya amepumzika, mama. Niambie mimi." Akasikiliza. Akasema ndiyo, akasema pole, akasikiliza tena kwa muda mrefu, maana mama yake alikuwa na mengi na hakuwahi kupewa nafasi ya kumwambia. Kisha akasema, "Ngoja, huyo Ngui mwenyewe yuko hapa," akampa simu. Mwelu akasogeza sikio.

*

Mutinda alirudi Mountain View akavifundisha vijisanduku vyake upya. Kabla ya kupitisha neno, kila kimoja sasa kiliuliza jirani amebakiwa na nguvu kiasi gani, na vile vilivyokaribia lango, kikiwamo kilichoitwa Mwelu, vikashika kwa zamu. Ephantus aliposikia akasema hiyo ni ngwatio ya Wakikuyu, mama yake alilima hivyo Dagoretti kabla nyumba hazijaota, na mbona fundi hakusema tangu mwanzo. Ngazi ikakaa stoo, na nyumba nyingine alizokuwa nazo Riruta akampa azifunge vijisanduku.

Namba za jamaa ziliondolewa zote isipokuwa moja. Mzee Mwololo alikataa yake iguswe. Alikubali pia ujumbe uandikwe upya kwa sharti kwamba atausahihisha yeye. Mutinda alipendekeza kifaa kiingie ngeli ya KI-VI, akijivunia kuijua. Mzee akatikisa kichwa. "Chenye jina la mwanangu," akasema, "kitaingia ngeli ya mwanangu."

Jumamosi moja alikuwa barazani na machungwa yake, simu ikatetemeka. Akavaa miwani.

WAVINYA AMEPUMZIKA. MWELU AMESHIKA ZAMU.

Alisoma mara mbili. Hakuona kosa. Hata hivyo akapiga namba ya binti yake, na ikapokewa mara moja kwa sauti nyingine, nyuma yake cherehani iko kimya.

"Ni Mwelu, mzee. Jumamosi mimi ndiye nakaa na simu. Yeye amelala."

"Nilitaka tu kujua," akasema mzee, "kama aliyepumzika ni sanduku au ni mtu."

"Wote wawili, mzee," Mwelu akamjibu. "Wote wawili wamepumzika."